Fiksa ya haraka au chumvi ya haipo: ipi inafaa chumba chako cha giza?

Ninapoandika haya, mbele yangu pana kipande cha filamu chenye picha sita. Nikikishika dirishani, uso wa bibi yangu unaonekana vizuri kwenye mbili za mwanzo, amekaa barazani asubuhi ya Idd, leso ya pili mabegani. Kwenye ya tatu, doa la rangi ya chai limeanza kuingia kutoka ukingoni. Kwenye ya sita limemfikia mdomoni. Nilipokianika kukauka kilikuwa safi kabisa. Kilikaa karibu miaka minne ndani ya bahasha yake kabla doa halijajitokeza, na bibi alikuwa ameshatutoka.

Devalopa, dawa inayoitoa picha kwenye filamu, haikuwa na kosa, wala kamera. Fiksa, dawa inayofuata ya kuituliza picha hiyo, ndiyo iliyokuwa imechoka, nami sikuipima. Tangu siku hiyo nimekuwa mkali sana na dawa hii ya mwisho, ambayo wengi wanaoanza kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani huinunua bila kuitazama mara mbili. Binamu yangu, aliyeanza mwaka huu, alinipigia simu akiwa dukani: "Kaka, si zote zinafanya kazi moja? Nichukue ya bei rahisi tu?" Nilimjibu kwa kifupi wakati ule. Hapa naweza kumjibu kwa urefu.

Fiksa inafanya nini

Mkanda ukitoka kwenye devalopa, picha imeshajitokeza lakini haijasalimika. Sehemu zilizopigwa na mwanga zimegeuka chembe nyeusi za madini ya fedha. Sehemu ambazo mwanga haukuzifikia bado zina chumvi za fedha zilezile zilizotoka kiwandani, na ukiwasha taa zitaendelea kubadilika rangi. Fiksa huzishika chumvi hizo zilizobaki na kuzifanya ziyeyuke, zikatoka na maji.

Kinachofanya kazi hiyo kinaitwa thaiosalfeti. John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, aliandika mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa hadharani mwaka 1839. Mwenzake William Henry Fox Talbot alikuwa akihangaika kutuliza picha zake kwa chumvi ya kawaida ya kula, na Herschel ndiye aliyemwelekeza kwenye hii. Wakati ule iliitwa haiposalfaiti ya soda. Baadaye wanakemia wakaona jina hilo si sahihi, lakini kifupi chake, haipo, hakijatoka midomoni mwa wapiga picha mpaka leo.

Kuna jambo moja ambalo laiti ningelijua mapema. Thaiosalfeti haimalizi kazi kwa mkupuo mmoja. Kwanza hujifunga na fedha ikawa mchanganyiko mzito, usiotaka kuyeyuka. Thaiosalfeti zaidi ikifika, ndipo mchanganyiko ule unapogeuka kuwa ule mwepesi unaotoka na maji. Kwa hiyo dawa ikiwa imechoka, au ukiutoa mkanda mapema, unabaki na ule mzito ndani ya jelatini, utando unaoshika picha kwenye filamu. Kwa macho mkanda ni safi, unang'aa kama kioo. Uoshe saa nzima, hautoki. Unakaa humo ukioza polepole mpaka siku unafungua bahasha.

Thaiosalfeti huja kwa sura mbili. Ikiwa ya sodiamu, ndiyo chumvi ya haipo, punje nyeupe unazochanganya mwenyewe. Ikiwa ya amonia, ndiyo fiksa ya haraka, maji mazito ya chupani kama Ilford Rapid Fixer, Hypam au Adofix ya Adox.

Chumvi ya haipo

Ninaipenda, niseme ukweli tangu mwanzo, na bado ninayo kopo zima kabatini. Punje zake ni angavu, mfano wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Maduka yanayouza kemikali za maabara huwa nayo, na wafugaji wa samaki wa mapambo wanaitumia kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Ni kavu, haimwagiki njiani, na ukiifunga kwenye kopo lisiloingiza unyevu inakaa miaka.

Kwa lita moja napima gramu 250 za punje na gramu 10 za salfaiti ya sodiamu, basi. Salfaiti inaizuia dawa isiharibike upesi. Lakini soma lebo kwa makini kabla ya kupima: thaiosalfeti ya sodiamu huuzwa ikiwa na maji ndani ya punje zake, na huuzwa pia ikiwa kavu kabisa, unga mweupe. Ile kavu ina nguvu zaidi kwa uzito, kwa hiyo gramu 160 zake ni sawa na gramu 250 za punje. Ukikosea upande mmoja utakuwa na fiksa dhaifu bila kujua.

Unapoichanganya kwa mara ya kwanza utashangaa. Mimina punje kwenye jagi la maji ya bomba la Mombasa, ambayo mchana yanafika nyuzi 29 bila kupashwa moto, kisha ukoroge. Jagi linakuwa baridi mkononi kama lililotoka kwenye friji, na nje yake linaanza kutoa jasho. Chumvi hii inayeyuka kwa kunyonya joto la maji, na kwa kipimo hiki maji hushuka nyuzi kama 10. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kuanza na maji ya moto ili punje ziyeyuke. Sisi wa pwani tunapata fiksa iliyojipoza yenyewe hadi karibu na nyuzi 20 tunazozitaka. Hakuna dawa nyingine kwenye rafu yangu inayonipa zawadi hiyo.

Udhaifu wake ni upole. HP5 Plus, FP4 Plus, Tri-X na Fomapan, filamu za mtindo wa zamani, nazipa dakika 8 mpaka 10 zikiwa kwenye dawa mbichi. Kwa filamu za chembe bapa, yaani T-Max za Kodak na Delta za Ilford, siitumii kabisa. Hizo zina ukaidi kwa fiksa yoyote, na haipo tupu huzichukua muda mrefu mno. T-Max hukupa ishara: ikibaki na rangi ya waridi au zambarau iliyokolea baada ya kuoshwa, ishuku fiksa yako kabla ya kitu kingine chochote.

Udhaifu wa pili ni asidi. Haipo tupu haina kinga. Ukiutoa mkanda kwenye maji ya siki yanayosimamisha devalopa na kuutumbukiza moja kwa moja humu, asidi inavunja thaiosalfeti, na baada ya muda dawa inageuka maziwa, unga wa kiberiti ukielea na harufu ukiisikia. Kwa haipo, simamisha devalopa kwa maji matupu, badilisha mara mbili au tatu, kisha ndiyo uendelee. Na hapa kwetu joto la chumba peke yake linatosha kuharakisha uharibifu huo.

Fiksa ya haraka

Hii inakuja ikiwa maji, na kwa filamu inachanganywa sehemu moja ya dawa na nne za maji. Ilford, watengenezaji wenyewe, wanaipa filamu dakika 2 mpaka 5 kwa nyuzi 20, na wanasema lita moja iliyochanganywa inatosha mikanda 24 ya picha 36. Filamu za chembe bapa inazimudu bila taabu, mradi uzipe dakika zote tano.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo "bei rahisi" inapowapotosha watu. Chupa ya lita moja ya dawa nzito inatoa lita 5 za kutumia. Mara 24, ni mikanda 120. Kilo moja ya punje za haipo inatoa lita 4, na mimi kwenye haipo sizidishi mikanda 10 kwa lita, kwa sababu inachoka mapema na sitaki tena doa la chai. Hiyo ni mikanda 40. Kwa hiyo chupa ya fiksa ya haraka inaweza kuuzwa mara tatu ya bei ya kilo ya haipo na bado mkanda mmoja ukakugharimu sawasawa. Na kwenye haipo hujahesabu salfaiti wala mizani.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Mikanda 120 ni ya mtu anayeipiga. Fiksa ya haraka ikishachanganywa, Ilford wanaipa miezi miwili kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, na mwezi mmoja ikiwa chupa ni nusu. Na dawa nzito yenyewe, ikishafunguliwa na kukaa kwenye chumba chenye joto la Machi, haidumu kama ingedumu kwenye baridi ya Manchester, Uingereza. Nimeshamwaga nusu chupa iliyoganda unga wa manjano chini, nikaumia kuliko nilipoinunua. Kwa mtu anayepiga mkanda mmoja kwa mwezi, akiba ya chupa kubwa ni ya kwenye karatasi. Huyo haipo inamfaa zaidi: anapima gramu 75 kwa mililita 300 za tangi lake la kusafishia, anaitumia kwa mkanda huo na pengine mmoja wa kesho yake, anamaliza. Punje zilizobaki zinamsubiri koponi bila kulalamika.

Kama unaipenda fiksa ya haraka lakini mikanda yako ni michache, usichanganye lita nzima. Mililita 100 za dawa na 400 za maji ni nusu lita, mikanda 12. Iweke kwenye chupa ya nusu lita ijae mpaka shingoni.

Jambo jingine ni kuisahau. Haipo tupu inamsamehe mtu aliyechelewa kwa sababu mlango umegongwa. Fiksa ya haraka yenye asidi, ukiuacha mkanda humo muda mrefu, huanza kula fedha ya picha yenyewe, na itaanzia kwenye vivuli vyepesi ambako fedha ni chache tangu hapo. Si jambo la dakika moja mbili za ziada. Lakini usiuache mkanda humo ukaenda kula.

Na kuna harufu. Fiksa ya asidi inatoa hewa ya salfa inayokaba kooni, hasa bafuni palipozibwa nguo kila tundu. Mwenye pumu na aichukulie hii kuwa sababu kubwa kuliko bei. Fungua mlango mara tu kifuniko cha tangi kinapokuwa kimefungwa. Filamu iko gizani ndani ya tangi, wewe huna haja ya giza.

Uipime kwa ulimi wa filamu

Iwe ipi unayochagua, hili linaamua zaidi ya jina la kwenye chupa. Ule ulimi wa filamu unaoukata kabla ya kuuzungusha mkanda kwenye rili, kigurudumu cha ndani ya tangi, usiutupe. Uweke kikombeni.

Kabla ya kusafisha, weka ulimi mezani, taa zikiwaka, upande wa utando juu. Dondosha tone moja la fiksa katikati. Hesabu sekunde 30. Kisha tumbukiza ulimi wote kwenye gilasi ya fiksa hiyohiyo, na hapo ndipo uanze kuhesabu. Tone lile litakuwa limetangulia: utaona kijiduara chenye mwanga katikati ya kijivu cha maziwa kilichozunguka. Tikisa polepole. Kijivu kinaanza kuyeyuka, kwanza kwenye kingo, halafu kote, kama ukungu unaoondoka juu ya kioo cha gari asubuhi. Mpaka unafika wakati hukioni tena kile kijiduara, kwa sababu pote pamekuwa sawa na penyewe. Simamisha saa. Huo ndio muda wa kung'aa.

Bila lile tone, jicho linadanganya. Huwezi kujua ni lini hasa kijivu cha mwisho kimeondoka. Tone linakupa kitu cha kulinganisha.

Muda huo uzidishe mara mbili kwa filamu za mtindo wa zamani, mara tatu kwa T-Max na Delta, ndio muda wako wa fiksa. Usishuke chini ya muda wa mtengenezaji. Kisha uandike kwenye chupa muda wa kung'aa wa siku ya kwanza, dawa ikiwa mbichi, kwa filamu fulani. Kwangu HP5 Plus kwenye fiksa ya haraka mbichi inang'aa chini ya dakika moja. Kwenye haipo inapita dakika tatu. Muda ukifika maradufu ya ule wa siku ya kwanza, dawa imekwisha, hata kama umeshapitisha mikanda mitano tu, hata kama inaonekana maji safi. Hiyo ndiyo siku ambayo miaka ile mimi sikuijua.

Shabu, joto na mtungi wa maji

Katika vitabu vya zamani vya kusafisha picha kwenye nchi za joto utakuta shauri la kutia dawa ya kukaza ndani ya fiksa. Dawa hiyo mara nyingi ni shabu, shabu hii hii ambayo watu husafishia maji na vinyozi hupaka baada ya kunyoa. Fiksa mashuhuri ya Kodak iitwayo F-5 ina gramu 15 za shabu ya potasiamu kwa lita, pamoja na asidi ya siki na asidi ya boriki. Kazi yake ni kukaza jelatini. Maji yakiwa ya moto jelatini huvimba na kulainika, kucha tu inaiburuza. Na mkanda ukitoka kwenye maji ya joto kwenda ya baridi ghafla, utando hujikunja ukawa na nyufa nyembamba kama udongo uliokauka.

Kwa hiyo mtu wa pwani anaweza kudhani fiksa yenye dawa ya kukaza ndiyo yake. Mimi nilidhani hivyo miaka miwili. Tatizo ni kwamba jelatini iliyokazwa haiachii fiksa kwa urahisi. Mkanda uliotoka kwenye fiksa isiyo na dawa ya kukaza unaosheka kwa dakika 5 mpaka 10 za maji yanayotiririka. Uliokazwa unataka 20 mpaka 30. Kwa mwenye bomba linalotoka usiku na mchana hilo ni jambo dogo. Mtaani kwetu maji ya bomba yana siku zake, na siku nyingine zote tunanunua kwa mkokoteni, mtungi wa plastiki wa lita 20 kwa mtungi. Nusu saa ya kutiririsha maji ni mitungi kadhaa kwa mkanda mmoja. Hivyo fiksa unailipia mara mbili, dukani na kwa muuza maji, na malipo ya pili ndiyo makubwa.

Filamu za leo zinakazwa kiwandani, na nyingi hazihitaji msaada huo. Kwangu Fomapan ndiyo laini kuliko zote, naishika kwa kingo tu mpaka ikauke, lakini hata hiyo siikazi. Ninachofanya ni kupoza. Chupa mbili za maji zilizoganda kwenye friza naziweka ndani ya beseni, na ndani ya beseni hilo husimama jagi la devalopa, la fiksa na la maji ya kuoshea, yote pamoja, mpaka kipimajoto kisome 22 au 23 kwa yote. Kuwa sawa kunanisaidia zaidi kuliko kufika 20 kamili. Ukihakikisha tofauti hazizidi nyuzi mbili tatu kutoka jagi moja hadi jingine, utando hautajikunja.

Fiksa ikiwa haina dawa ya kukaza, iwe ya haraka au haipo, unaweza kuosha kwa njia ambayo Ilford waliieneza: jaza tangi maji, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Tangi la mkanda mmoja linabeba kama mililita 300, kwa hiyo ni chini ya lita moja. Mimi huongeza mzunguko mmoja zaidi, mkanda ukikaa majini dakika tano kabla ya kumwaga, na bado sijafika lita moja na nusu. Kwa haipo natangulia na dakika mbili kwenye salfaiti ya sodiamu, gramu 20 kwa lita, ambayo inaisukuma thaiosalfeti itoke upesi.

Tena, maji ya kisima chetu yana chumvi, na nilikuwa nikiogopa kuyatumia. Nimekuja kujifunza kwamba maji ya chumvi huitoa fiksa kwenye jelatini upesi kuliko maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Kinachoharibu ni kuyaacha yakaukie juu ya filamu. Basi mizunguko ya kwanza ni ya kisima, miwili ya mwisho ni ya mtungi, na ule wa mwishoni kabisa una matone machache ya dawa ya kuyafanya maji yateleze ili yasiache madoa. Kwa mtu wa visiwani au wa mwambao ambaye hata choo anakisukuma kwa maji ya kisima, hili linabadilisha hesabu nzima.

Nyingine utakazozikuta

Unga wa pakiti, kama ule wa Kodak wa kutengeneza lita 3.8, ni haipo iliyotiwa asidi na dawa ya kukaza tayari. Unasafiri vizuri kwenye mzigo. Kwa sababu za maji nilizokwisha kutaja siununui, ila kwa mwenye bomba la uhakika na filamu laini si mbaya.

Fiksa za alkali, TF-4 ya Photographers' Formulary wa Marekani ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, zinaosheka upesi sana na zinawafaa wanaotumia devalopa za pairo zinazoacha rangi kwenye utando. Zinanuka amonia, na TF-5 yao ndiyo iliyopunguza harufu hiyo. Kuzifikisha hapa ni gharama, na kwa HP5 Plus ya kawaida kwenye devalopa ya kawaida sioni kitu unachokikosa.

Ile ya picha za eksirei inayouzwa kwa hospitali ndogo ambazo bado hazijahamia mashine za kidijitali ni fiksa ya haraka halisi, thaiosalfeti ya amonia. Nimeitumia na imenisaidia wakati maduka ya picha yalikuwa hayana kitu. Mara nyingi inakuja na chupa mbili, na ile ndogo ndiyo dawa ya kukaza. Iache pembeni, changanya ile kubwa peke yake, kisha tafuta muda wako kwa ulimi wa filamu kwa sababu maelekezo ya kwenye lebo ni ya mashine ya eksirei.

Nilichomnunulia binamu

Yeye yuko Nairobi, anapanga, ana bomba ingawa linakatika, na maji yake ni ya baridi kuliko yangu. Anapiga mikanda mitatu minne kwa mwezi, na anapenda Delta 400. Hiyo Delta ndiyo iliyokata shauri: nilimwambia achukue fiksa ya haraka isiyo na dawa ya kukaza, chupa ya nusu lita, na kila mara achanganye nusu lita tu ya kutumia. Angekuwa anapiga Fomapan peke yake, mkanda mmoja kwa mwezi, ningempelekea kopo la haipo na mizani ya jikoni.

Nilimwomba pia asiimwage fiksa iliyotumika kwenye sinki. Kila mkanda unaacha humo fedha yake, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe vya majini. Kwenye nyumba zetu zenye mashimo ya maji machafu karibu na visima si kitu cha kuachia. Mimi natia steeli wuli ya kusugulia sufuria kwenye ndoo ya fiksa iliyochoka, yenye kifuniko kisichobana sana, naiacha siku kadhaa nje. Chuma kinayeyuka, fedha inashuka ikiwa matope meusi. Matope hayo nayaweka kwenye kopo lake, na mtu mmoja wa eksirei wa hospitalini, anayepeleka yake kwa mnunuzi wa fedha, huchukua na yangu.

Kwenye chupa ya fiksa ninayotumia sasa nimebandika kipande cha karatasi ya plasta. Juu kuna tarehe niliyochanganya na sekunde 50, muda wa kung'aa wa siku ya kwanza kwa HP5 Plus. Chini yake nachora mstari kwa kila mkanda. Leo kuna mistari 17, na ulimi wa jana ulichukua sekunde 80. Nina mkanda wa harusi ya dada yangu unaosubiri ndani ya friji. Huo nitauchanganyia dawa mpya.